Nailoni Chini ya Mtoto Yesu

Wapendwa waombolezaji, mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa mtaa wa soko, na ninyi mliosimama kule nje dirishani kwa sababu viti vimekwisha, familia inawasalimu na kuwaomba mjiweke sawa, maana maisha ya mama huyu hayasomeki kwa haraka, na yeye mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, aliacha agizo kwamba siku hii ikifika asisomewe na mtu wa sauti ya kulialia, asomewe na mtu mwenye sauti ya kuuza magodoro. Familia ilikaa, ikatazamana, ikamchagua mwana wa shemeji yake, kwa sababu ambayo mtaisikia mbele kidogo, na wale wanaoijua tayari nawaona mmeanza kucheka, subirini kwanza.

Marehemu, ambaye mkitajiwa jina lake la ubatizo wengi wenu mtauliza ni nani huyo, lakini mkiambiwa Mama Hori mnatabasamu hata leo, alizaliwa tarehe 9 Februari 1953 katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya stesheni ya mizigo, akiwa binti wa pekee wa fundi magodoro na mkewe aliyekuwa akishona foronya, na alianza kutembea katikati ya magodoro ya watu yaliyoanikwa uani. Magodoro hayo yalikuwa yanaletwa na akina mama wakiwa wameyafunika shuka ili majirani wasione madoa, baba yake akiyafunua na kusema, haya, leo tumeletewa ramani gani, hii ina kisiwa, hii ina mto na vijito vyake, na binti akakua akijua siri ya kila nyumba, kwamba mtoto wa mwalimu mkuu huchora ramani, mtoto wa karani wa benki huchora, hata mtoto wa mchungaji, samahani baba mchungaji, huyo alikuwa wa yule aliyekutangulia.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akifanya vizuri katika hesabu na vibaya katika kunyamaza, na mwaka 1967 aliingia darasa la kipaimara, ambako mwinjilisti, mtu mpole aliyempenda sana, alifundisha kwamba Yesu Kristo ni Mungu kweli na ni mtu kweli, asiye nusu hii na nusu ile, na akauliza kama kuna swali. Swali lilikuwepo, lilitoka benchi la nyuma, nalo lilikuwa hili, kwamba Yesu alipokuwa mdogo, je, alikuwa analowanisha godoro? Darasa liliangua kicheko, mwinjilisti akamtoa nje, ila kabla ya kufunga mlango akamwambia, “Mwanangu, mimi sitakujibu kwa haraka, Mungu kweli na mtu kweli, kaa hapo utafakari,” naye marehemu alipenda kusema kwamba aliketi hapo barazani mwaka ule na hajainuka mpaka leo.

Mwaka 1968 alianza kazi katika karakana ya baba yake, akajifunza kuchambua pamba kwa vidole mpaka isibaki hata kokwa moja, kushindilia pembe kwa ngumi, na kuvusha ile sindano ndefu ya godoro kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kupinda uzi, na hakuuza godoro lolote kabla hajalilalia mwenyewe kwa shavu, macho yamefumbwa, mteja akiwa amesimama pale hajui kama asubiri au aondoke. Akipata mteja wa kusitasita alikuwa anamwambia, “Baba, mgongo ni wako, mimi nauza pamba tu,” na mteja akalipa huku anacheka.

Sasa, kwa ajili ya wageni, tueleze desturi ya usharika huu. Katika igizo letu la Krismasi hatutumii sanamu wala mwanasesere, mtoto wa mwisho kuzaliwa usharikani kabla ya Desemba ndiye analazwa horini, awe mnene, awe mwembamba, awe wa mwenye duka au wa mfagia stesheni, na godoro la hori lilikuwa linatolewa na fundi magodoro, bure, kila mwaka jipya. Marehemu alipoirithi kazi hiyo mwaka 1971 aliongeza jambo moja tu ambalo baba yake hakuwahi kulifikiria, akaweka kipande cha nailoni kati ya godoro na shuka, na kila mtoto alipojigeuza, ile nailoni ikalia chaka chaka chaka kwenye kipaza sauti, katikati kabisa ya wimbo wa malaika. Wazee wakamwambia aitoe, inaharibu utukufu. Akawauliza kama watoto wao wanalazwa bila nailoni, nailoni ikabaki, na jina la Mama Hori likaanzia hapo, kabla hata hajawa mama.

Marehemu alifunga ndoa takatifu Jumamosi ya tarehe 20 Julai 1974 na karani wa stesheni ya mizigo, mume mwenye maneno machache, Mungu amrehemu, ambaye alitutangulia tarehe 2 Septemba 2009, na katika ndoa hiyo alimpata pia shemeji, mdogo wa mumewe, dobi wa mtaa wa soko, huyu mliyemwona ameketi pale mbele na suti isiyo na kunyanzi hata moja, mtu ambaye tangu ujana wake akiona tone la mchuzi kwenye shati la mwenzake hawezi kuendelea na mazungumzo. Watu hawa wawili walipendana kama ndugu wa tumbo moja, na walibishana karibu maisha yao yote, na kisa cha ubishi huo lazima tukiseme, maana bila hicho historia hii haina moyo.

Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1976, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyezaliwa baada yake mpaka Novemba inakwisha, yeye ndiye aliyekuwa alazwe horini mwaka ule, na mama yake, jamani, mngemwona furaha yake, alishona godoro lile mara mbili, la kwanza akalifumua kwa sababu aliona lina uvimbe. Tarehe 11 Desemba mtoto alifariki kwa homa, mikononi mwake. Krismasi ile akina mama walimwomba apumzike, akakataa, akalileta godoro mwenyewe, likalaliwa na mtoto wa mama mwingine, kisha akamwendea mchungaji wa wakati ule ofisini na kumwambia kwamba kama Mungu hajawahi kuwa mtoto mwenye homa, mwili unawaka na mdomo haujui kusema unapoumia, basi yeye hana la kuzungumza naye, lakini kama amewahi, yuko tayari kuanza upya.

Na pale makaburini, siku ya maziko ya kitoto kile, dobi, akiwa kijana wa miaka ishirini, ndiye aliyeshuka shimoni kulipokea jeneza, dogo mno, akalilaza kwa mikono yake, na alipopanda juu alimwambia kaka yake neno ambalo marehemu alilisikia na hakulisahau, “Kaka, Yesu akiwa mtu tu kama sisi, atamtoaje huyu humu?” Hapo ndipo walipogawana Yesu mmoja, ndugu zangu. Mama Hori alihitaji Mungu anayeijua homa, dobi alihitaji Mungu ambaye kaburi halimwezi, na kila mmoja akadhani mwenzake anamnyang'anya wa kwake.

Mungu aliwajalia watoto wengine wawili, mwana mwaka 1978 na binti mwaka 1981, wote wako hapa, wenye familia zao, na godoro la hori likaendelea kila mwaka, na nailoni yake.

Basi tufike Krismasi ya mwaka 1988, mwaka ambao wengine mmeanza kujifuta machozi ya kicheko kabla hata haujasimuliwa. Mtoto wa hori mwaka ule alikuwa wa dobi mwenyewe, wa kiume, mwenye umri wa miezi miwili kasoro, na dobi aliigiza mmoja wa mamajusi, yule wa dhahabu, akiwa amevaa joho jeupe alilolifua, akalitia wanga, akalipiga pasi mpaka likawa linasimama lenyewe. Kwaya ikafika mahali pake pa juu kabisa, dobi akapiga magoti, akainua kasha la dhahabu, akainamisha kichwa, na Mariamu, binti wa darasa la sita mwenye nia njema, akaona ni vizuri mfalme amwone mtoto vizuri, akalegeza nguo ya mtoto. Loo! Ule mkondo uliruka juu, ukameta kwenye taa, ukatua kifuani pa majusi, ukateremka na joho lote, wanga ukalainika, na kanisa zima likaona. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke mmoja nyuma ya pazia, ile ya kuuza magodoro, ikisema kwa shangwe, “Ndiye huyo! Ndiye mwenyewe!”

Mtoto yule, mabibi na mabwana, ndiye huyu anayewasomea. Sasa mmejua kwa nini amechaguliwa.

Dobi hakucheka. Alifika nyumbani kwa kaka yake na joho mkononi, akasema mbele ya wote kwamba jambo lile ni aibu, kwamba yule tunayemwimbia anashika mbingu na nchi, hatufai kumfanya kichekesho cha watoto, na shemeji yake akamjibu akiwa anakaanga vitunguu, hata hakugeuka, “Shemeji, aliyeona aibu ni wewe, Mungu haoni aibu ya kitu alichokiumba mwenyewe.” Ikawa vita. Kamati ya igizo ikakaa, ikakaa tena, na dobi, ambaye mwaka uliofuata alichaguliwa mzee wa kanisa, akashinda kwa kura, ikaamuliwa kwamba Krismasi ya mwaka 1989 horini atalazwa mwanasesere, msafi, mtulivu, asiye na mambo.

Alimnunua mwenyewe, tena wa bei, amesimama ndani ya sanduku lenye dirisha la plastiki, nguo nyeupe, macho yanayofumba, na kwa heshima kubwa hakuna aliyemtoa sandukuni hata mara moja, kwa sababu nani angethubutu kumchezea, huyu si mwanasesere tena, huyu ni wa horini, na mke wa dobi aliyependekeza wamjaribu walau kidogo aliambiwa aache kukosa adabu. Kwa hiyo siku ya Krismasi ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kulazwa. Mariamu akamlaza. Mtoto akaanza kulia.

Alilia kwa sauti ya bati, kisha akacheka, kisha akalia tena, na Mariamu alipomwinua akanyamaza, alipomlaza akaanza upya, basi yule binti akabaki amesimama na mtoto mikononi, anamlaza, anamwinua, anamlaza, wachungaji wa kondoo wanashikana mabega kwa kicheko, mwenye kusoma somo anasoma kwa kupaza sauti ili amshinde, na mwishowe mzee wa kanisa mwenyewe akapanda jukwaani, akamgeuza mtoto kifudifudi, akaomba bisibisi kwa fundi wa vipaza sauti, akafungua mgongo, akatoa betri. Mbele ya kanisa zima. Kilio kikakatika, na mtoto mmoja wa benchi la mbele akauliza kwa sauti, “Mama, Yesu amekufa?”

Watu walitegemea Mama Hori acheke, na wengine waligeuka kumtazama ili wacheke naye. Hakucheka. Alitoka nyuma ya pazia, akasimama karibu na hori yake, akamwambia shemeji yake polepole, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na kanisa zima likasikia, “Shemeji, huyu analia lakini haumwi. Wangu aliumwa.” Dobi alisimama na betri mkononi, hakujua aziweke wapi, akazitia mfukoni mwa suti yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alilia hadharani bila kujali kola.

Kuanzia mwaka 1990 watoto wakarudi horini, na nailoni ikarudi, lakini dobi naye hakuwa mtu wa kuondoka mikono mitupu, aliomba jambo moja, kwamba kabla mtoto hajalazwa, yeye asimame mbele na kutangaza “Mungu kweli!” ili watu wasije wakaona mtoto wakasahau ni nani tunayemkumbuka. Shemeji yake akakubali, kwa sharti kwamba yeye atajibu kutoka nyuma ya pazia “Mtu kweli!” na wasioujua usharika wetu hawawezi kuamini jambo hili lilivyotuingia. Mwaka wa kwanza walisemeana wao wawili, kidogo kama wanagombana. Mwaka wa pili watoto wakaanza kudakia. Baada ya hapo kanisa lote likajigawa, upande wa dobi na upande wa Mama Hori, tunapigiana kelele kama tuko uwanjani, “Mungu kweli!” “Mtu kweli!” mpaka vioo vinatetemeka, na katikati ya kelele zote mtoto analazwa, na godoro linasema chaka chaka chaka. Yeye alikuwa anasema hiyo ndiyo siku ambayo hata akifa kesho yake hana deni na mtu.

Ndugu waombolezaji, sasa ugonjwa. Jumapili ya tarehe 3 Machi mwaka huu wa 2024, akiwa anavaa viatu aende ibadani, marehemu alipatwa na kiharusi, akapelekwa hospitali, upande wa kulia ukalegea, maneno yakawa mazito, na mwili haukuweza tena kujizuia. Wauguzi, kama inavyotakiwa, walimwekea nailoni chini ya shuka. Binti yake alikuwepo, anasema mama alipogeuzwa mara ya kwanza na kuisikia ile sauti, aliifahamu papo hapo, akageuza uso ukutani.

Lazima tuseme ukweli, kwa kuwa yeye aliupenda ukweli. Mama yetu aliona aibu. Yeye aliyecheka kwa sauti nyuma ya pazia, yeye aliyewaambia akina mama wote wa mtaa huu kwamba hakuna godoro la kuonea haya, alikataa wageni, akakataa mchungaji, na jambo baya kuliko yote, akaanza kukataa maji, anafumba mdomo, anasukuma kikombe kwa mkono ule mzima, kwa hesabu kwamba asiyekunywa halowanishi. Daktari alituita kwenye varanda, akatuambia waziwazi kwamba mgonjwa huyu hataondolewa na kiharusi, ataondolewa na kiu, figo zimeshaanza kulalamika, na kama kuna mtu anayesikilizwa naye, huyo mtu aletwe leo.

Kaka yake mkubwa alijaribu, wanawe wakajaribu, mchungaji akaombea mlangoni. Saa ya kuwaona wagonjwa, alasiri ya tarehe 14 Machi, akaja dobi, amebeba shuka mbili chini ya kwapa, akaambiwa hapokei mtu, akajibu kwamba yeye hakuja kama mtu, amekuja kama dobi, akapita. Alivuta kiti akaketi upande ule wa ukutani alikoelekeza uso, akamwambia maneno haya, na binti yake aliyasikia yote, “Shemeji, mwaka themanini na nane nililowanishwa mbele ya kanisa, nikaona aibu kwa niaba ya Mungu, wewe ukaniambia Mungu haoni aibu. Nimebeba neno hilo miaka yote hii nikalikubali, tena kwa shida. Haya, leo wewe unaona aibu kwa niaba ya nani?” Akaendelea, “Yule ninayempigia kelele mimi, yule wa enzini, ndiye huyo huyo uliyemtandikia nailoni. Hawako wawili, shemeji, hakuna wangu na wako. Kama yeye alikubali kufungwa nepi na kubadilishwa na mikono ya watu aliowaumba, wewe ni nani mpaka ukatae? Kunywa maji.”

Jamani, binti yake anasema mdomo wa mama ulianza kucheza, upande mmoja tu, ule unaotii, ukapanda, ukapanda, mpaka tukajua, anacheka! Mama Hori anacheka! Kikombe kikaletwa, akanywa, akanywa tena, muuguzi wa zamu akapiga makofi, na baada ya nusu saa mwili ukafanya kama miili inavyofanya, nailoni ikalia, naye safari hii hakugeukia ukuta, alimtazama shemeji yake usoni, na dobi akavua koti, akakunja mikono ya shati, akasubiri nje mpaka wauguzi walipomaliza, akaichukua ile shuka, akaifunga, akaenda nayo.

Tangu siku ile mpaka mwisho, kila asubuhi, mzee huyu mnayemwona pale, mwenye mashine mbili za kufulia na vijana wa kazi, alifua shuka za shemeji yake kwa mikono yake, kwenye beseni, uani kwake. Aliyejaribu kumsaidia alifukuzwa. Mkewe alipomwambia mashine zipo, alijibu kwamba zile ni za nguo za wateja. Alizianika, akazipiga pasi pande zote mbili, na kuzileta wodini zikiwa na ile mikunjo minne iliyonyooka, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kuuliza huyu mama ni mke wa waziri gani. Marehemu alipata nguvu, akarudi nyumbani tarehe 6 Aprili, akawa anaweza kukaa, kula, na kumtania kila aliyeingia, na tulipata naye wiki ambazo daktari hakutuahidi, wiki za kicheko, wajukuu wamejaa kitandani, nailoni inalia chini yao wote.

Mwanzoni mwa Juni kiharusi cha pili kilikuja, na alijua. Asubuhi ya Jumatatu tarehe 17 Juni 2024, dobi aliingia kama kawaida, shuka zikiwa bado na joto la pasi, wakamgeuza taratibu, wakamtandikia, na alipomaliza kuingiza pembe ya mwisho marehemu alimshika kiganja, akavuta pumzi ndefu, maana kila neno lilikuwa kazi nzito, akasema, “Mungu kweli.” Dobi alishangaa, akadhani amechanganyikiwa, maana hilo halikuwa neno lake, hilo miaka yote lilikuwa neno la dobi. Akamtazama vizuri, akaona macho yako safi kabisa, yanasubiri, yanamdai jibu kama kawaida. Hapo akaelewa kwamba aliyekaa maisha yake yote na Mungu mwenye homa, leo anamtaka yule ambaye kaburi halimwezi, anataka kusikia kwamba ni huyo huyo. Na mzee wa kanisa akalisema neno la upande wa pili, ambalo hajawahi kulitamka tangu walipogawana, “Mtu kweli.” Marehemu aliitikia kwa kichwa, akafumba macho, na saa nne asubuhi, shuka zikiwa hazijapoa, akatutoka, akamfuata mwanawe.

Ameacha watoto wawili, wajukuu saba, kaka wawili, shemeji mmoja, na magodoro yasiyo na idadi ambayo nyote mtayalalia usiku wa leo. Familia inaomba, kabla ya shukrani, mfanye lile mnalolijua, tena kwa nguvu zenu zote, upande wa dirishani na upande wa mlangoni, asikie huko aliko. Mungu kweli! Asanteni. Na kule nje je? Mtu kweli! Haya, haya, inatosha, vioo ni vya usharika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi yule wa zamu aliyepiga makofi, majirani wa mtaa wa soko waliotuletea kuni, viti na maturubai bila kuombwa, mafundi wenzake wa karakana ya matandiko ambao wamefunga kazi leo, kwaya, mchungaji kwa uvumilivu wake wa kuombea mlangoni, na kwa namna ya pekee dobi wetu, ambaye jana alifua shuka ya mwisho, hii iliyo ndani ya jeneza hili, na ambaye alikagua kila kitu mwenyewe kabla halijafungwa, na alipoulizwa kama kuna kilichosahaulika, alisema hakuna kilichosahaulika, kuna kitu kimoja tu amekiacha nyumbani kwa makusudi, maana huko anakokwenda hakihitajiki.

Pumzika kwa amani, Mama Hori, shuka ni safi, na nailoni tumeitoa.